Nilimtengeneza mke wangu kwa makaratasi, bila uso, na bado akajulikana

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nyuzi zenu za kuku nimezimaliza, za plot za Murera nimezimaliza, hata ule wa watu kutukanana kwa sababu ya chapati ngumu niliusoma mpaka mwisho. Leo na mimi nimeamua kuandika.

Yote nitakayosema yametokea. Sitafuti kura, sitafuti mchumba, na hakuna kitu nauza. Nikikosea spelling mnisamehe, nachapa na kidole kimoja na miwani yenyewe nimeifunga na waya.

Ninakaa Kimbo, upande wa Ruiru. Nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo pale Thika, enzi zile viwanda vya nguo vilikuwa vinanguruma kweli kweli. Sasa nimestaafu. Mke wangu Nyokabi alituacha miaka michache iliyopita baada ya kuugua muda mrefu.

Huu uzi ni juu yake. Pia ni juu ya makasi, gundi ya unga, na mzee mzima kukaa kwa meza akikata makaratasi kama mtoto wa nursery. Wa kucheka acheke sasa tumalizane.

Nianze na picha.

Nyinyi mnajua matanga ya kwetu. Mtu akifariki, kamati inaketi, na kabla chai haijachemka mtu ameshasema: leteni picha za eulogy. Hapo albamu inatolewa chini ya kitanda. Picha zinabanduliwa moja moja, ya harusi, ya ubatizo, ile ya Krismasi watu wote wamevaa sweta mpya. Zinaingia kwa bahasha ya kaki na kupelekwa kwa mtu wa kuchapisha hiyo eulogy, kile kijitabu cha mazishi.

Zetu zilienda zote. Sikubakisha hata moja, kwa sababu wiki hiyo hata jina langu nilikuwa nalitafuta.

Kurudi ndiko kulikuwa na shida. Mazishi yakaisha, watu wakatawanyika, kila mmoja akidhani bahasha iko kwa mwenzake. Nilipopata nguvu ya kwenda kuulizia, pale pa kuchapisha palikuwa panauzwa smokie na mayai. Simlaumu mtu. Na nina hakika siko peke yangu, tutaonana huko chini kwa comments.

Kilichobaki ni eulogy zenyewe. Zilichapishwa nyingi kupita kiasi, kama kawaida yetu, na za ziada nikaletewa ndani ya katoni. Zile picha za kurasa za ndani ni ndogo na wino umeingiana. Unaona gauni, unaona sweta, mtu humwoni. Lakini ile ya mbele ni kubwa na safi kabisa.

Sasa hiyo ya mbele ilipigwa akiwa tayari mgonjwa. Ilikuwa ya kadi ya hospitali. Amekonda, ameambiwa asitabasamu, na anaiangalia kamera kama mtu aliyekanyagwa kidole. Huyo si Nyokabi niliyemjua. Lakini ndiyo ilitiwa kwa fremu, na ndiyo iko kwa ukuta wa sitting room ya binti yangu Wambui huko Murera.

Wambui ana wasichana wawili. Mnajua utaratibu wetu, wa kwanza alichukua jina la upande wa baba, wa pili akachukua la mama yake Wambui. Kwa hivyo kale kadogo kanaitwa Nyokabi. Na kwetu jina si sauti tu ya kuitia mtoto aje kula. Nyokabi akizaliwa, Nyokabi amerudi. Mimi huyo mtoto humwita mke wangu, na yeye hunikaripia nikija bila ndizi.

Siku moja niko kwa Wambui, nikamwita kama kawaida. Kwetu babu huitwa guka.

"Mke wangu Nyokabi, si ukuje usalimie guka."

Hakuja. Akasimama pale kwa mlango wa jikoni, mikono kwa kiuno.

"Mimi si Nyokabi. Mimi ni Chantelle."

Chantelle ni lile jina lingine waliloandika kwa cheti. Wambui akamuuliza kwa utani, "Na Nyokabi ni nani sasa?"

Mtoto akainua kidole akaonyesha ukutani.

"Ni huyo. Huyo mwenye amekasirika. Mimi sitaki jina yake."

Watu wazima wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, ili nisifanye kile kingine.

Niliporudi Kimbo jioni hiyo nilifunga macho nikajaribu kumwona Nyokabi akiwa mzima. Nataka muelewe hapa, kwa sababu ndipo hadithi yote iko. Sikuweza. Kila nikijaribu, ilikuja ile picha ya ukuta. Ile kadi ya hospitali ilikuwa imemfunika mwanamke niliyelala naye nyumba moja maisha yangu yote ya utu uzima.

Niliogopa, wakuu. Mtoto hampendi kwa sababu hamjui. Mimi ndiye wa kumjulisha, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumpoteza.

Kwa hiyo hali ndiyo nilijikuta Thika.

Kuna kanisa moja pale mjini lina hall, na Alhamisi mchana wazee hukutana huko. Nilisikia ikitangazwa, wale wenye umri wa kustaafu waje, kuna shughuli za mikono, chai ipo. Kusema kweli mimi nilienda kwa sababu ya chai. Nyumba ya mtu mmoja, chai yake haina ladha.

Shughuli zenyewe zilikuwa za kile kitu wanaita collage. Unachukua makaratasi, vitambaa, pakiti za unga, chochote, unakata na kubandika mpaka kitokee kitu unachokumbuka. Huchori. Ingekuwa kuchora ningeshika njia nikarudi, maana mimi nikichora kuku watu huuliza kama ni birika.

Anayeongoza ni Mwalimu Gathoni. Huyu mama alifundisha nursery maisha yake yote na kustaafu hakukumwingia kichwani. Ukichelewa unaulizwa ulikuwa wapi. Ukimwaga gundi unapanguza mwenyewe. Gundi anapika nyumbani kwake, unga wa ngano na maji, anakuja nayo kwa kopo la mafuta ya kupikia ikiwa bado na joto. Wazee wenye wajukuu wa chuo wanaambiwa, "Mikono mezani," na mikono inaenda mezani.

Nikamweleza shida yangu. Nataka kumtengeneza mke wangu, picha sina.

Siku ya kwanza nilianza na uso. Nilikata macho kwa gazeti, pua kwa kalenda, mdomo kwa tangazo la sabuni. Akatokea mtangazaji wa TV. Nikabandua nikajaribu tena, akatokea mke wa mwanasiasa fulani. Mara ya tatu akatokea mtu ambaye hata nisingetaka kupanda naye lift.

Mwalimu Gathoni akanipokonya makasi.

"Baba Wambui, hapa uso ni wa mwisho. Kila mtu mpya anaanza na uso na kila mtu analia. Huyu mama alikuwa anafanya nini na mikono?"

"Mikono ilikuwa inafanya kila kitu, mwalimu."

"Hiyo si jibu. Funga macho. Mikono iko wapi?"

Nikafunga macho, zaidi kwa kuogopa kukaripiwa.

Na hapo hapo nikaiona. Mkono mmoja umeshika kiatu. Mwingine uko kwa bega langu.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo.

Kile kiwanda, pamba ilikuwa hewani kila mahali. Inaingia kwa nywele, kwa masikio, kwa chai. Nyokabi alikuwa spinning, section ya kusokota nyuzi, na huko ndiko ilikuwa mbaya zaidi. King'ora kikilia watu wanatoka nje weupe kama wamelala kwa unga. Pamba hujaa hata ndani ya viatu, na ukitembea nayo inajikunja chini ya mguu inakuwa kijiwe.

Mimi nilikuwa napenda kusimama kando pale watu walikuwa wanaegesha baiskeli. Siku moja nimesimama, nasikia mkono umeniangukia kwa bega. Nageuka, ni msichana amefunga leso ya kijani kwa kichwa, amesimama kwa mguu mmoja, ananitumia kama ukuta. Anakung'uta kiatu. Hata haniangalii. Akamaliza, akavaa, akasema asante, akaenda.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na kesho yake.

Baada ya muda nikawa natoka kazini mbio nisimame pale, bega liwe tayari. Hivyo ndivyo mimi nilioa, wakuu. Wengine mlinunua maua, mimi nilikuwa kiegemeo.

Nilipofungua macho pale kwa hall nilikuwa nimeshika bega langu mwenyewe, na Mwalimu Gathoni alikuwa ameshaenda kumkemea mtu mwingine.

Basi nikaanza kazi. Alhamisi kwa Alhamisi, na katikati nikawa naendelea nyumbani kwa meza ya kulia.

Ufundi haukuniacha. Nilikuja na rula na ile caliper yangu ya zamani, nikapima urefu wa mguu, nikapima pembe ya goti. Mwalimu akasimama nyuma yangu akauliza, "Huyu ni mtu ama ni mashine?" Nikaweka caliper kwa mfuko. Lakini goti lilikaa sawa, na hilo sitaomba radhi.

Ngozi ya mikono niliitoa kwa bahasha za kaki na karatasi ya pakiti ya sukari, rangi mbili tofauti kwa sababu kiganja chake kilikuwa cheupe kuliko mgongo wa mkono. Kiatu kilitoka kwa handbag iliyochakaa. Overall ya buluu niliikata kwa ile yangu ya kazini, niliyokuwa nimeitunza bila kujua ni ya nini. Pamba nilinunua kwa chemist. Bega langu nililiweka pale pembeni, kipande tu, kichwa changu sikukiweka. Hakuna mtu alikuwa anauliza habari ya kichwa changu.

Vitu viwili vilinisumbua. Leso na ukuta.

Leso yenyewe ya kijani ilikuwa kwa Wambui. Baada ya mazishi nguo ziligawanywa kwa dada zake na marafiki, na Wambui akachukua leso, hakutaka kitu kingine. Nikampigia nikamwomba kipande kidogo cha pembeni.

"Baba, hiyo haikatwi," akasema. Nikasema sawa. Nikatumia pakiti ya majani ya chai, kijani ambacho hakikuwa chenyewe.

Ukuta ndio uliniingiza matatani.

Ukuta wa kile kiwanda ulikuwa wa kijivu, kijivu cha ajabu chenye ubuluu kidogo. Nilitafuta kwa magazeti yote nikakosa. Halafu siku moja natafuta kitu kingine nikafungua ile katoni ya eulogy. Na hapo mbele, nyuma ya kichwa cha Nyokabi, ile rangi ya nyuma ya picha, ni hiyo hiyo. Ni hiyo kabisa. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu.

Nikachukua makasi. Nikakata rundo zima, nikizunguka kichwa kwa uangalifu ili nipate ule ukijivu. Kutoka kurasa za ndani nikakata majina, ya watoto, ya dada zake, maneno ya nyimbo za kanisa, nikayafanya matofali. Mtu akisogea karibu na ukuta anasoma ukoo mzima.

Mimi nilikuwa nimefurahi kama fundi aliyepata spare ya mashine ambayo haitengenezwi tena. Haikunijia kabisa kwamba kuna kitu nimebakisha mezani.

Jumapili Wambui akaja baada ya kanisa, kama kawaida yake, na chapati kwa hotpot. Mimi nilikuwa nje nyuma ya nyumba natoa nguo kwa kamba. Nikasikia kimya. Mtu akiingia nyumba yangu husikika, lakini huyu alikuwa ameingia akanyamaza.

Nikaingia. Amesimama kwa meza. Na mezani, juu ya gazeti, kuna rundo la vichwa vya mama yake.

"Baba. Hii ni nini?"

"Ni ukuta, maitu." Huwa namwita maitu, yaani mama, kwa sababu ana jina la mama yangu. "Nilikuwa natafuta rangi ya ukuta."

"Umemkata mum."

"Sijamkata. Nimekata kando kando. Yeye amebaki, si huyo hapo?"

Nilisema hivyo wakuu, nikifikiri najitetea.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliketi akaokota vile vichwa kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kidole, akavitia kwa handbag yake. Vyote. Hata kile kilichokuwa kimeanguka chini ya kiti.

"Eulogy haikatwi, Baba," akasema. "Watu hufungia nyama na gazeti, wanawasha moto na gazeti, lakini eulogy hata ya jirani hatutupi. Na wewe umekata ya mum."

Akaenda. Hakunywa chai. Nyinyi ni watu wa huku, mnajua kutoka nyumba ya baba yako bila kunywa chai ni kusema nini.

Simu zikawa fupi. Uko poa, niko poa, mtoto anaendelea vizuri, sawa. Jumapili akawa na shughuli, na Jumapili nyingine pia.

Niliwaza kuitupa ile kitu. Nilimwambia hata Mwalimu Gathoni kwamba naacha. Yeye alikuwa anaosha brashi, hakugeuka. Akasema, "Ukiacha sasa atakuwa amekukasirikia kwa bure. Maliza angalau akukasirikie kwa kitu."

Basi nikamaliza. Isipokuwa uso. Nilibandika karatasi safi ya kaki, rangi ya ngozi, nikaacha hivyo. Sikuwa nao, na wa kubahatisha sikutaka.

Kukaja siku ya maonyesho. Msifikirie mambo makubwa, ni kamba imefungwa ndani ya hall baada ya ibada, kazi zetu zimeningʼinizwa na vibanio vya nguo, watu wanapita na vikombe. Kuna mzee alikuwa ametengeneza shamba lake la kahawa la zamani kwa magunia. Kuna mama alitengeneza jiko la mama yake kwa mabati ya mikebe. Kazi nzuri sana, na mimi nilijiona nimeingia mashindano ambayo si yangu.

Wambui nilikuwa nimemtumia ujumbe. Niliandika tu: maitu, Jumapili kuja uone ule ukuta. Hakujibu. Lakini ibada ilipoisha nikamwona amesimama kwa mlango wa hall, na kale kadogo kamemshika gauni. Hakuingia ndani, hakutoka.

Watu walikuwa wanapita mbele ya kazi yangu wakisema ni nzuri, mbona haina uso, mzee hukumaliza? Nikawa nawajibu vizuri lakini moyo ulikuwa unashuka.

Halafu akaja mama mmoja mnene na fimbo, anatembea polepole, amevaa ile sare ya akina mama wa kanisa. Akapita. Akasimama. Akarudi kinyumenyume na fimbo yake mpaka nikaogopa ataanguka.

"Haiya!" akasema, sauti ya hall nzima. "Si huyu ni Nyokabi? Nyokabi wa spinning, na kiatu chake!"



Ilikuwa ni Mama Njeri. Walifanya kazi section moja na Nyokabi, hatukuwa tumeonana tangu kiwanda kifungwe. Sikuwa nimemtambua mimi. Yeye alikuwa amemtambua mke wangu bila macho, bila pua, kwa mguu mmoja hewani.

"Umemjuaje, Mama Njeri? Hana uso."

"Uso wa nini? Nani mwingine alikuwa anasimama hivi kama kuku kwa mvua? Ngai! Na hii bega yangu, ameishika mpaka ikainama upande."

Hapo nikashtuka kidogo.

"Bega lako?"

"Yangu, ya Wangeci, ya askari wa gate. Huyo alikuwa anashika bega yoyote iko karibu. Wewe ulidhani ni yako pekee?"

Na akacheka. Watu wakacheka. Mimi nilidhani hivyo, wakuu. Maisha yangu yote nilidhani hivyo. Nilikuwa nimejenga ndoa juu ya hilo bega, na sasa naambiwa hata askari wa gate alikuwa nalo.

Nadhani sura yangu ilianguka, kwa sababu Mama Njeri aliacha kucheka. Akanishika mkono.

"Ngoja nikwambie, Baba Wambui. Sisi tulikuwa tunatokea mlango wa spinning, na mabega yalikuwa hapo hapo mlangoni. Wewe ulikuwa unasimama wapi?"

"Kwa baiskeli."

"Kwa baiskeli, kule mbali. Sasa siku ulianza kusimama huko, huyu msichana akaacha kutoa pamba kwa mlango. Anatembea nayo kwa kiatu mpaka kwa baiskeli, anachechemea, sisi tunamcheka. Tunamwambia Nyokabi, tolea hapa, bega ni bega. Anasema hapana, ile ya kule iko level."

Iko level. Hilo ni neno la fundi, kitu kilicholala sawa bila kuinama. Hilo alilitoa kwangu.

Hakuwahi kuniambia. Miaka yote tuliyoishi, watoto tukalea, kuugua akaugua, hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa anachechemea uwanja mzima kunifikia mimi. Na mimi nilikuwa nadhani ni bahati, kwamba nilikuwa karibu tu.

Nililia pale, sitaficha. Mwalimu Gathoni aliniletea kiti na kwa mara ya kwanza hakunikemea kwa lolote.

Nilipoinua kichwa Wambui alikuwa mbele ya ile kazi. Ameinama karibu na ukuta anasoma matofali. Jina lake liko hapo, karibu na kiwiko cha mama yake. Akalipata. Nikamwona akiligusa.

Halafu akamuuliza Mama Njeri swali ambalo mimi sikuwahi kujua analo.

"Alikuwa anacheka? Mum, alikuwa mtu wa kucheka?"

Wambui ndiye aliyemuuguza. Yule wa ukutani ndiye alikuwa amembakia yeye pia.

Mama Njeri akamjibu, "Mama yako? Tulikuwa tunafukuzwa kwa sababu yake! Supervisor akigeuka tu, ameshamuiga."

Wakakaa hapo wawili, mama anasimulia, binti anasikiliza, chai inapoa. Mimi nikasogeza kiti karibu. Nilikuwa namsikiliza mke wangu.

Watu walipopungua Wambui akafungua handbag. Akatoa ile leso ya kijani. Alikuwa amekuja nayo, wakuu. Sijamuuliza kwa nini na sitamuuliza.

"Hii ya majani si rangi yake," akasema. "Kata hapa, Baba."

Nikamwambia akate mwenyewe. 

Akakata pembe. Tukabandua pakiti ya majani, tukaweka leso pale kwa kichwa, gundi ya unga ya Mwalimu Gathoni, na kidole cha Wambui kikibonyeza. Kisha akatoa kitu kingine kwa handbag. Vile vichwa. Alikuwa anatembea navyo muda huo wote, hakujua pa kuviweka.

Tuligeuza ile kazi. Tukavibandika vyote nyuma, kwa safu, mahali hakuna mtu ataona. Wambui akavipapasa akasema, "Sasa apumzike hapa." Na mimi naona hivyo. Yule aliyeugua amepumzika nyuma ya yule aliyecheka, na ni mtu mmoja.

Sasa hivi iko Murera, kwa ukuta wa sitting room. Ile picha ya fremu hatukuitoa, ziko sambamba.

Kama kuna somo hapa ni dogo. Kwanza, picha zikienda kwa eulogy, piga hata na simu kabla hazijatoka mlangoni. Pili, ukimpoteza mtu na uso ukakataa kuja, usilazimishe. Tafuta mikono. Na tatu, ukishamtengeneza usimfiche chumbani. Mtoe nje, kuna mtu mahali fulani ana kipande chako na hajui anacho. Mimi nilienda Thika kujaribu kuokoa kile kidogo nilichokumbuka, nikarudi Kimbo na kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Ninashukuru. Kila nikiamka ninashukuru.

Wiki iliyopita jirani wa Wambui aliingia akaiona akauliza huyu mtu wa mguu mmoja ni nani. Mimi nilikuwa nimeketi hapo na ndizi zangu. Kabla sijafungua mdomo, kale kadogo kakatoka jikoni.

"Huyo ni Nyokabi," kakasema. "Ni mimi, nikiwa mkubwa. Na hiyo ni bega ya guka."

Haya, miwani imeanza kuteleza. Nyinyi nao, mkifunga macho, mtu wenu mnamwona akifanya nini na mikono? Niandikieni hapo chini, nitasoma zote, na nitajibu na hiki kidole changu kimoja.